Kifuu, Kombe na Magome ya Mti: Nani Ataizuia Harufu ya Majitaka?

Maji yakipwa katika pwani ya mashariki ya Unguja, utawaona kina mama wamejifunga kanga viunoni wakifukua makumbi ya nazi waliyoyazika topeni miezi kadhaa iliyopita. Makumbi hayo yamelala chini ya mchanga na mawe mpaka yamelainika; sasa yatapondwa kwa gongo yatoe usumba, na usumba usokotwe kamba. Shimo likifunuliwa tu, harufu ya yai viza humrukia mtu usoni. Mgeni huziba pua. Wenyewe wanaendelea kuzungumza habari za harusi ya Jumamosi.

Harufu ile ile niliikuta alfajiri moja nje ya ukuta wa kituo cha kusukuma majitaka, katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam ambao sitautaja. Jengo lenyewe sijaliona bado, nikaikumbuka pwani ya Jambiani huko Unguja. Wala sikukosea, maana gesi ni moja, haidrojeni salfaidi, na waitengenezao ni vijidudu wa ukoo mmoja. Bakteria hao huishi pasipo hewa, iwe ndani ya tope la bahari au ndani ya ule utelezi unaoganda kwenye kuta za bomba la majitaka. Sisi tunapumua oksijeni. Wao hutumia salfeti. Maji ya bahari yana salfeti tele, karibu gramu 2.7 katika kila lita, kwa hiyo bomba la mji wa pwani lenye nyufa zinazoingiza maji ya chumvi huwa limewaandalia karamu. Joto letu nalo huwachangamsha.

Fundi wa kituo, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alinipeleka uani. Palikuwa na tangi la plastiki lililonizidi kimo, likiwa limeunganishwa na feni kwa bomba nene la kijivu. Hewa chafu inavutwa kutoka kwenye kisima cha majitaka, inapita katikati ya tangi, inatokea juu ikiwa safi. Ndivyo ilivyokusudiwa. Fundi alifungua mlango mdogo wa pembeni, akavaa glavu, akachota konzi moja ya kilichomo na kunionyesha. Ulikuwa mkaa, vipande vyeusi vilivyo kama risasi ya penseli iliyokatwakatwa. Mkaa mpya wa aina hiyo humwagika mkononi kama kunde. Huu ulikuwa umeshikana mabonge, na juu ya mabonge kulikuwa na ukoko wa rangi ya manjano hafifu. Alilisugua bonge moja kwa kidole gumba, likapasuka kama udongo mkavu.

“Hii manjano ni salfa,” akaniambia. “Mkaa umeshiba. Tuliambiwa utatutosha mwaka mzima, na hata miezi mitatu haukufika.”

Tangu siku ile nimeyasoma na kuyauliza mambo haya kwa bidii, kwa sababu naamini watu wanaoishi jirani na vituo kama hivi wametwishwa mzigo usiokuwa wao. Choo wanavuta watu wa mji mzima; harufu wanaivuta wao. Na nimegundua kwamba mara nyingi pesa ya kuizuia ilitolewa na feni ikanunuliwa, ila kilichojazwa ndani ya tangi hakikuendana na hewa iliyopitishwa humo, au hakikuendana na watu walioachiwa kukitunza.

Tuanze na hewa yenyewe. Pua ya binadamu huinusa haidrojeni salfaidi hata ikiwa ni chini ya sehemu moja kwa milioni, tena mbali sana chini. Sehemu chache tu kwa bilioni zinatosha kumfanya jirani afunge dirisha. Kwa hiyo kichujio kinachoondoa asilimia 90 ya gesi kinaweza kuonekana kazi nzuri kwenye karatasi na bado mtaa ukanuka. Upande wa pili ni wa kutisha zaidi. Gesi ikifika sehemu 100 kwa milioni, huitia pua ganzi kwa dakika chache. Mtu anasema harufu imeisha, kumbe kilichoisha ni uwezo wake wa kunusa. Ikipanda na kupita 500 anaweza kuzirai na kufa. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Kijana anashuka kwenye chemba, anaanguka. Mwenzake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Yeyote anayezungumzia harufu ya majitaka kana kwamba ni kero ya watu wenye pua nyepesi hajawahi kusimama kwenye mdomo wa chemba akisubiri mtu apandishwe kwa kamba.

Na haiko peke yake. Hewa ya majitaka huwa pia na amonia, na jamii ya misombo ya salfa na kaboni inayonuka kabichi iliyooza, na mingine inayonuka kinyesi chenyewe. Kila mmoja una tabia yake. Kinachoinasa haidrojeni salfaidi vizuri kinaweza kuiacha amonia ipite kama vile haikuguswa.

Sasa tuje kwenye mkaa. Ulio bora kwa sehemu kubwa hutokana na kitu ambacho huku kwetu tunakitupa jikoni kiungue: kifuu cha nazi. Kifuu ni kigumu, na kikichomwa bila hewa kisha kikapitishiwa mvuke wenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, hutobolewa ndani kwa ndani vitundu vidogo visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Gramu moja ya mkaa ulioiva hivyo, mkaa amilifu kama wanavyouita wataalamu, huwa na kuta za ndani zinazoweza kufika mita za mraba 1,000. Chembe za harufu huingia humo na kunata. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wamarekani walikusanya vifuu na kokwa za pichi kwa ajili ya barakoa za kuzuia gesi ya sumu. Leo India, Sri Lanka na Ufilipino huuza mkaa huu ulimwenguni, na sisi wenye minazi tunaununua kwa dola. Hilo huniuma, lakini nisimdanganye mtu: mkaa wa kifuu unaochomwa kienyeji kwa ajili ya jiko si mkaa amilifu. Haujatobolewa. Ukiujaza kwenye tangi utashika harufu kwa siku chache tu.

Hata mkaa amilifu si mmoja. Ule mtupu, usiotiwa kitu, ni hodari kwa misombo ya kaboni lakini kwa haidrojeni salfaidi nguvu yake ni ndogo. Ndipo wakabuni kuuloweka kwenye magadi makali, yaani sodiamu haidroksaidi au potasiamu haidroksaidi, ili gesi ikiingia igeuzwe kuwa salfa pale pale. Mkaa wa namna hiyo unaweza kubeba takriban gramu 0.14 za gesi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Ndio uliokuwa kwenye tangi la yule fundi. Una kasoro ambayo wauzaji hawaitangazi kwa sauti: magadi hushusha kiwango cha joto ambacho mkaa huanza kuwaka. Hewa yenye gesi nyingi ikipita polepole, kitanda cha mkaa hupata joto chenyewe, na matangi yamewahi kushika moto bila mtu kuwasha kiberiti. Kuna aina nyingine zilizotengenezwa kwa namna ya kuchochea gesi iungane na oksijeni bila magadi. Hizo ni salama zaidi na ghali zaidi.

Hapa hesabu ndogo inahitajika, na naomba msomaji avumilie kwa sababu ndani yake ndimo siri ya mkasa wa kituo kile. Tuseme feni inavuta mita za ujazo 2,000 za hewa kwa saa, na tangi lina mita 2 za ujazo za mkaa wa magadi. Sehemu moja kwa milioni ya haidrojeni salfaidi ni kama miligramu 1.4 katika mita moja ya ujazo. Kama hewa ina wastani wa sehemu 10, tangi litapokea gramu 28 za gesi kila saa, yaani gramu 672 kwa siku. Mkaa wote unaweza kubeba kilo 280. Gawanya: siku 416. Mwaka na zaidi, kama mwuzaji alivyoahidi. Sasa chukua tangi hilo hilo na feni hiyo hiyo, lakini wastani uwe sehemu 50. Siku 83.

Tofauti ya mwaka na miezi mitatu, basi, haikuwa lazima itoke kwenye mkaa mbaya. Ingeweza kutoka kwenye kipimo kibaya. Nilimuuliza fundi hewa ilipimwa lini. Akasema walikuja siku moja, saa nne asubuhi, wakatumbukiza kifaa kisimani kwa dakika chache, wakaandika, wakaondoka.

Saa nne asubuhi kisima cha majitaka kimetulia. Watu wameshaoga, wameshakwenda kazini, maji yanapita kwa wingi na kwa kasi. Usiku ndio wenye kazi yake. Maji yanapungua, yanalala mabombani kwa muda wa saa tano au sita, yakichacha kama togwa iliyosahaulika. Alfajiri nyumba zikiamka, wimbi la kwanza huyasukuma yote kisimani kwa mkupuo. Yakianguka yanarusha gesi, na kadiri kina kinavyopanda ndivyo hewa ya kisima inavyofukuzwa nje. Kifaa cha kupima kinachorekodi chenyewe mchana na usiku kwa juma moja au mawili kingeliona hilo bila shida. Vifaa hivyo vipo, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na tangi moja la mkaa uliokwisha kabla ya siku zake.

Kingine kinachosumbua kuhusu mkaa ni kwamba hufa kimya. Leo unazuia, kesho unapitisha, na kwa macho hauonekani kubadilika. Kwa hiyo tangi lililoundwa vizuri huwa na matundu ya kuchukulia hewa katika vimo mbalimbali, fundi apime na kuona gesi imepanda mpaka wapi, kama mtu anavyoangalia kijiti cha kupimia oili kwenye gari. Lile tangi nililoliona lilikuwa na tundu moja tu, juu kabisa. Ukilipima hilo na kukuta gesi, umeshachelewa. Kwa upande huu kuna punje za alumina zilizolowekwa kwenye pamanganeti ya potasiamu ambazo nazipenda kwa uaminifu wake: mpya zina rangi ya zambarau, zikichoka zinageuka kahawia, na mtu yeyote anaona. Bahati mbaya haziwezi gesi nyingi. Zinafaa kumalizia kazi iliyoanzwa na kingine.

Kuna na kutu. Tangu karne ya 19 viwanda vya gesi huko Ulaya viliiondolea gesi salfa kwa kuipitisha kwenye vipande vya mbao vilivyopakwa oksidi ya chuma, na hadi leo wenye mitambo ya biogesi hutumia njia hiyo, wengine kwa nyuzi chakavu za chuma tu, zile za kusugulia vyombo. Ni rahisi, inabeba salfa nyingi. Ila siku ya kuutoa uchafu wake uwe na maji karibu, kwa sababu chuma kilichoshiba salfa kikikutana na hewa huanza kufuka moshi.

Lakini moyo wangu, nakiri, umeangukia upande wa vijidudu. Mwaka 1922 Selman Waksman na mwenzake Joffe walimweleza bakteria anayekula salfa na kutoa asidi salfuriki, ile ile ya kwenye betri za magari. Huyu ni Waksman ambaye baadaye, mwaka 1952, alipata Tuzo ya Nobel kwa dawa ya kifua kikuu. Mwaka 1945 kule Melbourne, C. D. Parker akaonyesha kwamba bakteria wa jamii hiyo ndio wanaotafuna zege la mabomba ya majitaka: gesi inapanda, inanata kwenye dari lenye unyevu la bomba, wao wanaigeuza asidi, na dari linamomonyoka mpaka barabara inatumbukia. Kisha mwaka 1957 mhandisi wa California, Richard Pomeroy, akapewa hataza ya wazo lililompindua adui kuwa mtumishi. Kama wadudu hawa wanaipenda gesi kiasi hicho, wajengewe nyumba yao, hewa ipitishwe humo, waile kabla haijatoka.

Nyumba hiyo ndiyo kichujio hai. Ni kitanda cha kina cha mita moja hivi, hewa inaingia kwa chini na kupanda taratibu. Tofauti na mkaa, ambao sekunde tatu au nne zinautosha, vijidudu wanataka hewa ikae nao sekunde 30 hadi 60. Kwa feni yetu ya mita za ujazo 2,000 kwa saa, ukiwapa sekunde 45 unahitaji mita za ujazo 25, yaani uwanja wa mita tano kwa tano. Mjini, ardhi hiyo ni ghali. Pembezoni mwa mji si kitu.

Na nyumba yenyewe ijengwe kwa nini? Mboji na magome ya mti ni rahisi kupatikana, yana unyevu na chakula, vijidudu wanashamiri mapema. Lakini vinaoza. Mwaka wa pili au wa tatu kitanda kimesinyaa, chembe zimeshikana, feni inahangaika kusukuma, na hewa inajitafutia njia za mkato pembezoni bila kuguswa. Ukichagua hicho, panga mapema nani atafukua na kujaza upya, na vipande viwe vikubwa, vilivyochekechwa unga wake. Nimeona kitanda kilichojazwa vumbi la mbao kwa sababu lilipatikana bure kiwandani. Kilidumu mvua moja. Kiligeuka uji.

Ukitaka kisichooza, yapo mawe ya volkano yenye matundu. Mwenyezi Mungu ametujalia Bonde la Ufa, na mawe hayo mepesi, mekundu na meusi, huchimbwa kwa matofali na kwa barabara. Hayasinyai, asidi haiyashughulishi sana, na kitanda chake kinaweza kupita miaka kumi. Hayana chakula, kwa hiyo vijidudu huchelewa kuota. Wiki za mwanzo lazima yamwagiwe maji yenye rutuba, hata majitaka yaliyokwisha kusafishwa yanafaa. Nashangaa sana tunapoagiza plastiki zenye umbo la maua kutoka ng’ambo kufanya kazi ambayo jiwe la Arusha au Naivasha lingejaribiwa kwanza.

Watu wa Ireland nao walitazama walichonacho. Walikuwa na makombe ya kome wanaoliwa, milima kwa milima, wakayajaza kwenye vichujio. Kombe ni chokaa. Bakteria akitoa asidi, kombe linaituliza papo hapo, na kitanda hakichachi. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu walaji wa haidrojeni salfaidi hustahimili asidi kali, lakini walaji wa ile misombo ya kabichi iliyooza hufa ndani yake. Kwa hewa yenye mchanganyiko, kombe huwaweka wote hai. Nalo huliwa kidogo kidogo, likiacha jasi ambayo lazima ioshwe isizibe. Pwani yetu makombe ya chaza na kome yapo nyuma ya nyumba za wavuvi na wafugaji wa chaza. Sisemi mtu akachimbe matumbawe. Nasema kile kilichokwisha kuliwa.

Maji ndiyo roho ya kichujio hai. Kikikauka kimekufa, kikifurika kimezama. Ukubwa wa kosa hili niliuona pale ambapo bomba la kunyunyizia lilikatwa ili maji yaende bustanini; magome ya juu yalikuwa makavu kiasi kwamba yalilia mguuni. Kwa hiyo nikiulizwa na halmashauri au mamlaka ya maji ichague nini, nitauliza kwanza nani yupo kituoni kila siku. Kama ni mlinzi na mtunzaji wanaojua kazi yao na kulipwa kwa wakati, kichujio hai kitawatumikia kwa gharama ndogo. Kama ni mahali padogo, katikati ya maghorofa, na fundi hupita mara moja kwa mwezi, mkaa ni bora, mradi bajeti ya kuubadilisha imeandikwa tangu siku ya kwanza. Na pale gesi inapokuwa nyingi sana, viunganishwe: vijidudu wabebe mzigo mkubwa mbele, mkaa umalizie nyuma. Mkaa unaopokea mabaki tu huishi muda mrefu.

Lazima niseme pia kichujio kisichoweza kufanya. Mabwawa ya wazi, kama ya Vingunguti jijini Dar es Salaam au yale makubwa ya Dandora kule Ruai, Nairobi, hayana hewa ya kufungia ndani ya bomba. Huwezi kuvuta mbingu kwa feni. Bwawa likinuka, tafuta kilicholilemea: tope lililojaa chini bila kuondolewa, au majitaka mengi kuliko mpango. Vichujio ni vya mahali panapozibika, yaani visima vya kusukumia, chemba za kupokelea magari ya kunyonya vyoo, matangi ya tope. Na hapo nako, kuziba ndiyo nusu ya kazi. Mfuniko wa chemba uliopinda hupitisha harufu zaidi ya tangi lililochoka.

Nilirudi kituoni kwa fundi majuma kadhaa baadaye. Mkaa mpya ulikuwa haujafika. Lakini alikuwa amepata kifaa cha kurekodi, wameazima, kimening’inizwa kisimani kwa waya. Alikuwa na daftari pia, na ndani yake safu mbili: upande mmoja namba za kifaa, upande mwingine maneno ya mama anayekaanga vitumbua ng’ambo ya barabara, ambaye miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

“Shikamoo mama,” nilimwamkia nilipokwenda kununua.

“Marahaba baba. Umekuja kwa mambo ya hewa?”

Nikamwambia ndiyo. Akageuza vitumbua viwili kwa kijiti, akavuta kanga yake puani kidogo.

“Inaanza adhana ya kwanza. Saa kumi na moja ndiyo yenyewe, mpaka kumi na mbili kasoro. Halafu inapoa. Jumapili inachelewa, watu wanalala. Wale waliokuja na gari walikuja saa nne, mie nishafunga.”

Fundi alikuwa ameyaandika vile vile, pamoja na Jumapili. Mstari wa kifaa kwenye karatasi ulipanda saa kumi na moja.